Kusubu kidani cha fedha kwa nta, bila mashine

Kidani hiki kina umbo la mawe yetu ya Mwanza yaliyopandana, kama yale ya Bismarck yanayochomoza ziwani. Tutatumia fedha ya 925, yaani sehemu 92.5 za fedha na 7.5 za shaba. Dhahabu isubiri mkono uzoee. Ukiifikia, nunua iliyosafishwa, tena kwa risiti. Ile mbichi ya machimboni huweza kubaki na zebaki, na mvuke wake ni sumu kali.

1. Nta
Kazi yote iko hapa, usiharakishe. Chukua nta ya nyuki (ya Tabora ni nzuri), finyanga asubuhi kabla jua halijakolea, na ikilegea itumbukize kwenye maji baridi. Usifinyange jiwe mojamoja ukaja kuyabandika. Anza na bonge moja, kisha chora mianya kwa sindano ya moto, hadi jiwe la juu lionekane kweli limelielemea la chini. Nyuma nako kutengenezwe, maana kidani hugeuka kifuani. Unene usipungue milimita 1.5, la sivyo fedha itaganda njiani. Alama ya kidole ukiipenda, iache, fedha itaibeba vilevile ilivyo. Usiyoipenda ifute sasa: kwenye nta ni dakika moja, kwenye fedha utashinda na tupa.

Pima uzito. Kila gramu 1 ya nta inadai takriban gramu 11 za fedha, ongeza kidogo.

2. Mirija
Bandika nyuma vijiti vinne vya nta, vyembamba vya milimita 1.5, vikutane juu. Nta ikishaungua, nafasi zake ndizo njia za kupitishia fedha. Vikiwa vinene, fedha itadondoka kabla hujaisukuma.

3. Plasta
Simamisha nta ndani ya kipande cha bomba la chuma lisilopakwa zinki. Vaa barakoa, vumbi la plasta ya kusubia lina silika. Changanya gramu 100 kwa maji gramu 40, mimina, gongagonga mapovu yatoke. Baada ya saa mbili chonga kibakuli pale mirija inapokutana.

4. Tanuri
Ingiza bomba, mdomo wenye kibakuli ukiwa chini, pandisha joto polepole hadi nyuzi 730, usizidishe. Plasta ikiwa nyeupe, bila weusi mdomoni, nta imekwisha.

5. Kusubu
Acha plasta ipoe hadi nyuzi 500 hivi, kisha geuza bomba, kibakuli kiangalie juu. Vaa miwani na glovu za ngozi. Yeyushia fedha humo humo kwenye kibakuli kwa moto wa gesi, ukinyunyiza boraksi (unga wa kusaidia fedha iyeyuke vizuri). Ikijikusanya kuwa tone moja linalong'aa na kuzunguka, ikandamize mara moja, wima, kwa kifuniko kilichoshindiliwa magazeti yaliyolowa. Mvuke ndio unaoisukuma ndani. Shikilia, hesabu hadi 20. Wekundu ukiisha, tumbukiza kwenye ndoo ya maji.

6. Kumalizia
Chemsha kwenye maji ya shabu, kata mirija, piga tupa na msasa. Kisha fungia kidani kwenye kopo pamoja na kiini cha moto cha yai la kuchemsha. Salfa yake itakitia weusi. Sugua migongo ya mawe ing'ae, mianya ibaki nyeusi. Ukiuza, andika 925 na uzito kwenye risiti.