Jinsi ya kupata cheti cha uasili kilichorahisishwa kwa mzigo mdogo unaovuka mpaka

Mfanyabiashara anayepeleka vitunguu vya Mang'ola Nairobi kupitia Namanga hadaiwi ushuru wa forodha, wala halazimiki kumlipa wakala wa forodha, ilimradi vitunguu vimelimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani. Anachotakiwa kuwa nacho ni cheti cha uasili kilichorahisishwa, fomu fupi inayojazwa na kugongwa muhuri mpakani, bure. Hata hivyo wapo wanaoendelea kupita njia za panya, na wapo wanaompa kijana wa getini hela "awashughulikie" jambo ambalo wangelimaliza wenyewe kwa kalamu.

Cheti hiki kinafuta ushuru wa forodha tu. Vibali vya afya ya mimea, mifugo, chakula na viwango vinabaki palepale, na mizigo mingi inayokwama hukwama kwa sababu ya hivyo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, kabla gari halijapakiwa.

Je, mzigo wako unastahili?

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza kutumika Januari 2005, na msingi wake ni asili ya bidhaa. Mahindi, maharage, ndizi, samaki, mbuzi, mayai, vikapu vya ukindu: kilicholimwa, kuvunwa, kuvuliwa, kufugwa au kusukwa katika nchi mwanachama hakina utata. Bidhaa ya kiwandani inapimwa kwa Kanuni za Uasili za mwaka 2015, kwa kuangalia malighafi ilitoka wapi na kazi gani imefanyika hapa. Ukiwa na shaka, muulize mtengenezaji kabla hujanunua, kwa sababu ofisa wa forodha atakuuliza wewe.

Wanaoteleza zaidi ni wanaonunua Kariakoo au Gikomba. Risiti ya Dar es Salaam haifanyi shati la China kuwa la Tanzania. Mitumba, mchele wa Pakistan na simu za mkononi hazipati cheti hiki, hata zikae ghalani miaka mitatu.

Thamani nayo huhesabiwa kwa kila mzigo. Dola 2,000 ni kama shilingi milioni 5 za Tanzania, au 260,000 hivi za Kenya, ila kiwango cha kubadilishia fedha kinapanda na kushuka, hivyo usipakie hadi ukingoni. Kuugawa mzigo mmoja wa milioni tisa kwa majina ya shemeji wawili ni mchezo ambao maofisa wanaujua tangu zamani. Mpakani pia kuna orodha ya bidhaa zinazokubaliwa kwa utaratibu huu. Itafute ubaoni au uiombe dirishani.

Vibali: kazi yenyewe iko hapa

Turudi kwa vitunguu. Upande wa Tanzania utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mkaguzi anatakiwa auone mzigo, kwa hiyo mpange naye mapema. Usimfuate lori likiwa limeshafungwa turubai. Upande wa Kenya, mnunuzi wako ndiye anayeomba kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, taasisi ya Kenya inayokagua afya ya mimea. Muombe nakala kabla ya kuondoka, na usitosheke na "kipo, njoo tu." Mazao ya chakula kama mahindi yanataka pia kibali cha kusafirisha nje kutoka Wizara ya Kilimo.

Mahindi yana historia yake. Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoxin). Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini likaacha masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyokaushwa kwenye turubai na kupimwa mapema yanapita. Yaliyoanikwa chini ardhini ni kamari. Cheti cha uasili hakiwezi kukuokoa hapo, hata kiwe kimejazwa vizuri namna gani.

Wanyama na mazao yao wana kibali cha daktari wa mifugo wa serikali. Vyakula vilivyosindikwa, sabuni na mafuta ya kula vinahitaji alama ya ubora. Ukiwa na ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, Kenya inaitambua kwa makubaliano ya Jumuiya, kama Tanzania inavyoitambua ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Siku ya kuvuka

Beba hati yako ya kusafiria, vibali halisi pamoja na nakala, na risiti au ankara ya mzigo. Kama umenunua kwa wakulima wasio na kitabu cha risiti, andika karatasi inayotaja mahali, idadi ya magunia na bei, muuzaji aitie sahihi. Ofisa asiyeona karatasi yoyote atakadiria thamani mwenyewe, na makadirio yake huwa hayakupendelei.

Namanga ni kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kama ilivyo Holili na Taveta, Sirari na Isebania, Mutukula, Busia na Rusumo. Taratibu zote hufanyika kwenye nchi unayoingia. Ukitoka Tanzania, unapitiliza hadi jengo la upande wa Kenya, ambako maofisa wa mamlaka za mapato, TRA ya Tanzania na KRA ya Kenya, wako chini ya paa moja. Mgeni hulizunguka jengo la upande wa Tanzania bure akitafuta wa kumhudumia.

Nenda dirisha la TRA kwanza, kwa kuwa nchi inayotoa bidhaa ndiyo inayothibitisha asili yake. Omba fomu ya cheti. Utajaza jina na anwani yako, jina la mpokeaji, aina ya bidhaa, kiasi na thamani, kisha utatia sahihi kuwa uliyoyaandika ni kweli. Andika "vitunguu maji, magunia 20, kilo 100 kila moja", usiandike "mazao". Ofisa ataukagua mzigo, atasaini na kugonga muhuri. Peleka cheti hicho dirisha la KRA pamoja na vibali vyako, mzigo uandikishwe kuingia bila ushuru wa forodha.

Hapo bado unaweza kudaiwa kodi ya ongezeko la thamani au ushuru wa bidhaa, kutegemea ulichobeba. Mazao ghafi kwa kawaida hayadaiwi. Sabuni za kiwandani zinadaiwa. Kila unacholipa kidaiwe risiti ya serikali. Cheti chenyewe hakina ada, hakuna "ya fomu", hakuna "ya muhuri".

Kila mzigo una cheti chake. Ukirudi wiki ijayo na magunia mengine utajaza kingine, ila tunza nakala ya kile cha kwanza. Ofisa akiona ulishapitisha bidhaa ileile maswali hupungua.

Wakikukatalia

Uliza ni kipengele gani hakijatimia: asili, thamani, au kibali. Kama ni kibali, cheti hakina la kufanya, kitafute. Kama ni asili na una ushahidi, omba kuonana na mkuu wa kituo, au nenda dawati la taarifa za biashara pale ambapo lipo; kazi yao ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, na wengi wao wanajua kanuni hizi kwa kichwa.

Mzigo ukizidi dola 2,000 hupotezi haki ya kusamehewa ushuru. Unatumia cheti cha uasili cha kawaida, na hapo wakala wa forodha anaingia kwa sababu tamko linapitia kwenye mfumo wa kielektroniki. Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni habari nyingine kabisa: Zambia haimo kwenye Jumuiya, na cheti hiki hakitambuliwi Nakonde, upande wa pili wa mpaka huo.