Somo: Mlango Mmoja wa Maombi ya Miradi Kazini

Kinachoziponza ofisi nyingi hapa Lamu ni maombi kuingia kwa milango mingi. Moja limetajwa barazani baada ya alasiri, jingine limetumwa kwa WhatsApp ya mhasibu, la tatu meneja ameambiwa akishuka botini Mokowe. Mwezi ukiisha, fedha zimekwisha na hakuna ajuaye nani alikubali nini. Utaratibu ufuatao unafaa hoteli, shule au shirika lenye watu 15 na zaidi.

1. Mpokezi. Teua mtu mmoja apokee maombi yote, na wa kumshikia akiwa likizo. Asiwe mhasibu, maana atakataa kabla hajasikiliza. Asiwe mkuu wa ofisi pia, kwa kuwa hakuna atakayembishia. Kazi yake ni kuandika daftarini, kutoa namba na kurudisha fomu zenye mapengo. Kukubali au kukataa si juu yake.

2. Fomu. Ukurasa mmoja tu: mwombaji, tatizo, hasara tusipofanya, gharama, vibali, tarehe inayotakiwa na sababu yake.

Hapa ndipo pa kutulia. Fomu iulize "tatizo ni nini?" kabla ya "unataka nini?" Mtu ataomba tangi jipya la lita 5,000. Muulize tatizo, atasema maji hukatika kila siku saa nne asubuhi. Fundi akipanda darini anakuta boya limekwama juu, valvu imefunga na tangi halijafika nusu. Boya ni shilingi mamia. Tangi ni makumi ya maelfu.

Kwenye gharama, bei ya dukani haitoshi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoka bara hushushwa jeti, hupakiwa chomboni, hupokewa na wapagazi, kisha punda huufikisha mlangoni. Kila mkono unalipwa. Andika usafiri mstari wake peke yake, halafu ongeza asilimia 10 ya dharura.

Jengo likiwa ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, uliomo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO tangu 2001, waulizeni watu wa makumbusho na wa kaunti kabla ya kikao, si baada. (Na mkiona saruji imeandikwa kwa ukuta wa matumbawe, irudisheni fomu. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, na lipu hubambuka.)

3. Mchujo. Siku tatu za kazi. Matengenezo ya chini ya shilingi 20,000 yamalizwe na mkuu wa idara; yasisumbue kamati ya kikao (hatua ya 5).

4. Alama. Toa 1 hadi 5 kwa kila kigezo: usalama zidisha mara 3, faida kwa wateja mara 2, unafuu wa gharama mara 1, wepesi wa kazi mara 1. Jumla ya juu ni 35. Kila ombi likipata 30, jueni mnaoneana haya. Wekeni sharti kwamba katika kikao kimoja maombi mawili tu yapate 5 kwa kigezo kimoja.

5. Kikao. Watu watatu au watano, kila wiki mbili, dakika 45. Majibu ni "ndiyo", "hapana" au "bado, lete kadha". "Tutaangalia" si jibu. Sababu iandikwe na imfikie mwombaji ndani ya siku mbili. Idhini itaje kiasi, msimamizi na siku ya kuanza, na ife baada ya siku 90. Kazi ya paa iliyoidhinishwa mwishoni mwa Machi itakumbana na masika, basi itazameni kalenda kwanza.

Maswali ya wanachama

*Swali (Shela):* Mkubwa wetu akishakubali barazani, nani atamwambia akajaze fomu?

*Jibu:* Usimwambie yeye. Mpokezi amjazie fomu, ampelekee atie sahihi tu. Na mhasibu asitoe fedha bila namba ya daftari. Kufuli ni hiyo namba. Bila yake haya yote ni karatasi.

*Swali (Malindi):* Pampu imekufa Ijumaa jioni na wageni wamejaa. Tungoje kikao?

*Jibu:* La. Wekeni kiasi cha dharura, tuseme 50,000, kinachoidhinishwa na wawili kwa simu. Fomu ijazwe ndani ya saa 48. Hesabuni dharura kila robo mwaka: idara ileile ikirudi mara tatu, hapo hakuna dharura, kuna matengenezo yanayorukwa.

*Swali (Mokowe):* Sisi tu sita tu ofisini.

*Jibu:* Achana na alama na kamati, ndugu yangu. Daftari moja, fomu moja, na watu wawili wa kutia sahihi.

*Nyongeza ya mwanachama (Lamu):* Na daftari lisitoke ofisini. Likienda nyumbani na mtu, maombi ya jioni huingia na tarehe ya asubuhi.