Kurudisha bodi na rangi ya Land Cruiser au Land Rover kuukuu ukiwa nyumbani

Kabla ya kununua rangi hata lita moja, toa mazulia yote ndani ya gari, funga milango, kisha elekeza mpira wa maji juu ya paa kwa dakika kumi. Ingia ndani na tochi. Tafuta maji yanaingilia wapi, na yanashindwa kutokea wapi. Gari kuukuu la Arusha au Moshi mara nyingi haliozi kuanzia pale rangi ilipochubuka. Huoza kwa ndani, pale vumbi la miaka lilipojikusanya, likaziba matundu ya kutolea maji chini ya milango na kugeuka tope linalokaa na unyevu masika yote. Gari lililozoea kushuka bondeni Ngorongoro au kuzunguka Ziwa Natron na Ziwa Manyara lina tatizo la ziada: vumbi la huko lina magadi na chumvi, na hivyo viwili huharakisha kuliwa kwa chuma na alumini. Ukipuliza rangi mpya bila kuyafungua matundu hayo, malengelenge yatarudi mvua zikirudi.

Tofautisha gari lako mapema, kwa sababu kazi si ileile. Land Cruiser za familia ya 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984, bodi yake ni ya chuma. Kagua mfereji wa paa, pembe za chini za fremu ya kioo cha mbele, ukingo wa chini wa milango, kingo za madigadi ya nyuma, sakafu chini ya miguu ya dereva, na pale bodi inapokalia chasisi. Land Rover, tangu ile ya kwanza ya 1948, imevikwa mabati ya aloi ya alumini juu ya fremu za chuma. Alumini haishiki kutu ya kahawia, lakini pale inapogusana na chuma na maji yakaingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Utaiona rangi imevimba kandokando ya mlango, na ukiikwangua unakuta unga mweupe. Kwenye Defender, aina mojawapo ya Land Rover, angalia pia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa pembe zake za juu na pale miguu inapokaa.

Osha gari lote, chini pia, kwa maji ya presha na sabuni. Kisha ng'oa: taa, bampa, vishikio vya milango, raba za vioo, vioo vya pembeni, nembo. Weka skrubu za kila kitu kwenye mfuko wake na uandike juu. Kuzungushia karatasi ya gundi kwenye raba badala ya kuitoa ni kuokoa saa mbili na kupoteza kazi nzima, kwa kuwa rangi huanza kubanduka pale pale ilipoishia kwenye ukingo wa raba. Baada ya hapo futa bodi kwa dawa ya kuondoa mafuta, ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla dawa haijakauka. Fanya hivyo kabla ya msasa wowote. Waosha magari wengi hupaka silikoni kwenye matairi na dashibodi, na chembe zake zikisukumizwa na msasa ndani ya rangi ya zamani, rangi mpya itajitenga na kuacha vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki.

Sasa kutu. Chukua bisibisi butu uchome kila penye lengelenge. Ikiingia, chuma kimekwisha: kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Ikigoma, safisha kwa grainda yenye brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka vidoa vyeusi vilivyobaki viwe ndani ya vishimo tu. Hivyo ndivyo vya kupaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza, kausha kabisa. Asidi ikibaki juu ya chuma, praima ya epoksi (rangi ya msingi inayopakwa kwanza) haitashika vizuri, na watu wengi huilaumu praima bure. Kwenye alumini usitumie brashi ya waya iliyokwisha kugusa chuma. Chembe za chuma hubaki ndani ya alumini na kuanzisha ulaji upya.

Kuchomelea ndipo kazi nyingi za mitaani huharibika. Bati la bodi lina unene wa karibu milimita 0.8 hadi 1, na rodi ya kawaida ya milimita 2.5 hulitoboa au kulikunja kwa joto. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, atumie waya wa milimita 0.6 au 0.8, na achomelee nukta moja moja, akihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ili bati lipoe. Kiraka kiwe cha geji 20. Chomoa betri na waya za altaneta kabla ya kuanza, toa tangi la mafuta kama kazi iko karibu nalo, na weka ndoo ya maji na mchanga. Chasisi iliyooza na nguzo za bodi usizifanyie majaribio nyumbani. Hizo ndizo zinazobeba watu. Kwenye alumini ya Land Rover, kiraka kinaweza kuunganishwa kwa ribiti za alumini na gundi ya bodi, mradi pande zote mbili zimepakwa praima ya epoksi kwanza ili chuma na alumini zisigusane.

Mbonyeo kwenye alumini una siri yake. Aloi hiyo hukakamaa kila inapogongwa, na ukiendelea kuigonga inapasuka. Ilainishe kwa joto: paka sabuni ya mche juu ya eneo, pitisha moto wa gesi taratibu kwa kuuhamisha, na uache mara tu sabuni inapogeuka kahawia iliyokolea. Ipoe, ndipo ugonge polepole kwa nyundo ya mbao huku umeshika kipande kizito nyuma yake. Ukizidisha moto baada ya hapo alumini huporomoka ghafla bila kubadilika rangi, kwa hiyo usitoe jicho kwenye sabuni.

Nyoosha bati mpaka mbonyeo uliobaki uwe chini ya milimita 3, ndipo ufikirie puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde. Puti ni ya kusawazisha, si ya kujenga bodi. Gramu 100 za puti huhitaji gramu 2 hivi za hadina, dawa ya kuigandisha, na kwa joto la Moshi mchana una dakika nne au tano kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kiasi cha ngumi ndogo tu. Hadina ikizidi, rangi yake hupenya hadi juu na kuacha madoa, hasa kwenye gari jeupe; ikipungua, puti hubaki laini na baadaye huzama. Isugue kwa namba 80 iliyozungushiwa kipande kirefu cha ubao, kisha 180. Vidole vitupu huchimba mawimbi ambayo hutayaona mpaka gari ling'ae. Na puti isiyo na praima isisuguliwe kwa maji kamwe, kwa sababu hunyonya maji na kuyapeleka chini kwenye chuma.

Kabla ya praima, jaribu rangi ya zamani. Lowesha kitambaa kwa thina, dawa ya kuyeyushia rangi, na ukiweke sehemu iliyojificha kwa dakika kadhaa. Isipobadilika, rangi ni ya hadina, yaani iliyogandishwa kwa dawa, na unaweza kuipulizia juu baada ya kuikwaruza kwa namba 320. Ikikunjamana au kuyeyuka, iondoe yote, au rangi mpya itakunjamana vilevile. Penye chuma kitupu piga praima ya epoksi. Penye alumini tupu, praima ya asidi ya kushikia kwanza, au epoksi ambayo mtengenezaji ameandika kuwa inafaa kwa alumini. Puti haikai juu ya praima ya asidi. Baadaye praima ya kujaza, mikono miwili hadi mitatu, halafu nyunyiza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi na usugue kwa namba 400. Weusi unaobaki unakuonyesha bonde, na pale msasa unapofika kwenye chuma kuna kilima.

Kwa Land Cruiser au Defender ndefu, nje tu, kadiria puti kilo 3, epoksi lita 2, praima ya kujaza lita 4, na rangi lita 4 hadi 5 kabla ya kuchanganywa. Nunua zote, pamoja na hadina na thina yake, za mtengenezaji mmoja, na zote siku moja. Rangi iliyokorogwa upya wiki ijayo inaweza kutofautiana. Ukibadili rangi ya gari, kumbuka imeandikwa kwenye kadi, na kadi inarekebishwa TRA, mamlaka ya mapato.

Rangi ya hadina ina aisosayaneti, sumu inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote, na hata yenye filta haitoshi kwa gari zima. Kinachofaa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, ushauri wetu ni huu: fanya maandalizi yote nyumbani, kisha lipeleke gari kwa fundi mwenye chumba cha rangi alipulizie. Maandalizi ndiyo sehemu kubwa ya gharama, na hapo umeshaiokoa.

Ukipuliza mwenyewe, chagua Januari na Februari, au Septemba kabla ya vuli. Juni hadi Agosti asubuhi za Arusha huwa na baridi na ukungu, na hadina huchelewa. Anza saa nne umande ukiisha, maliza kabla upepo wa alasiri haujainua vumbi. Tundika nailoni kuzunguka banda, mwagia sakafu maji, na usifanyie kazi chini ya mjakaranda. Kompresa iwe na tangi lisilopungua lita 100 na kichujio cha maji. Mdomo wa bunduki ya kupulizia rangi uwe milimita 1.3 au 1.4, presha karibu baa 2, umbali sentimita 15 hadi 20, na kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Ukiwa mbali mno au thina ikiwa kidogo, uso utakuwa kama ganda la chungwa. Ukiwa karibu mno, rangi itatiririka. Mtiririko usiguse: uache ukauke, usugue kwa namba 1500 na 2000, ung'arishe.

Rangi ikishakauka siku chache, pulizia nta ya ndani kupitia matundu ya milango na mihimili, ukihakikisha haizibi matundu yenyewe. Usioshe gari kwa sabuni wiki ya kwanza, na usipake polishi ya nta mpaka miezi miwili ipite. Kila masika yakiisha, pitisha waya kwenye matundu yote ya kutolea maji.