Gombe na watoto kwa siku moja: maporomoko ya Kakombe au Kilele cha Jane?

Njia zote mbili za Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, zinaanzia Kasekela, pale boti zinapotia nanga, na zote ni za bonde la Kakombe. Kwenye ramani zinakaribiana, miguuni hazifanani. Ya maporomoko inafuata kijito ndani ya msitu, kivuli karibu mwanzo hadi mwisho, na familia inayokwenda polepole hufika ndani ya saa moja. Ya kilele, pale mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokuwa akikaa na darubini baada ya kufika Gombe Julai 1960, inaacha msitu na kupanda mgongo wa mlima wenye nyasi na miombo iliyoachana. Mwinuko ni mkali, na jua linakupata lote.

Watu wengi huchagua kwa mandhari. Chagueni kwa yule anayebaki nyuma, awe mtoto wa miaka sita au bibi mwenye magoti yanayouma. Tena msimuulize kama anaweza kupanda, maana mtoto mwenye hamu hupanda kuliko baba yake. Kinachoshinda ni kushuka: mapaja yamechoka, changarawe inateleza juu ya udongo mkavu, vidole vinagonga ncha ya kiatu. Mtoto akigoma hapo atabebwa mgongoni, na anayembeba haoni anapokanyaga. Ajali za mlimani huweza kuanza hivyo.

Jipimeni wiki moja kabla. Tembeeni kutoka stesheni ya reli Kigoma mjini mpande hadi Mwanga, kisha mrudi kwa miguu bila kupumzika katikati. Mtoto aliyefika chini bado anapiga soga anaweza kujaribu kilele. Aliyeomba kubebwa, au mtu mzima aliyeshindwa kuzungumza huku akipanda, mpelekeni Kakombe na msijutie: maji yanaanguka kama mita 25, na msitu wake ni mzuri kuliko chochote mtakachokiona juu. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka kumi, kama hifadhi inamruhusu kuingia msituni, sisi tungechagua maporomoko bila kubishana.

Msimu nao una neno. Kiangazi, kuanzia katikati ya Mei hadi Oktoba, kilele kinapandika ila nyasi kavu zinateleza na joto linachosha. Masika njia hiyo inakuwa tope, na radi zikianza kunguruma mgongo wa mlima si mahali pa kuwa na watoto. Shukeni mara moja. Kakombe inaendeka karibu mwaka mzima, lakini mawe yaliyo chini ya maporomoko yana ukoga hata Septemba. Washikeni watoto mikono pale, wasiruke jiwe hadi jiwe.

Usafiri ndio unaoharibu mipango. Boti za abiria za Kibirizi, mwalo ulio karibu na Kigoma mjini, huondoka mchana kwenda vijiji vya kaskazini na hurudi asubuhi, kwa hiyo hazifai kwa safari ya siku moja. Kodini boti. Ya mwendo kasi hufika chini ya saa moja, ya mbao huchukua muda mrefu zaidi. Hesabuni majaketi ya kujiokolea kabla ya kulipa, na hakikisheni yapo ya watoto, kwa sababu la mtu mzima humchomoka mtoto majini. Ondokeni mara kunapokucha, kwani alasiri upepo ukiamka ziwa linachafuka.

Kumbukeni pia kwamba Kigoma jua linafika utosini yapata saa 7 mchana, si saa 6, kwa vile tuko magharibi kabisa ya nchi. Ubaridi wa asubuhi unadumu kidogo zaidi kwa saa ya mkononi, lakini saa 9 bado ni kali. Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa 5 na nusu, na mgeuke hata kama kilele mnakiona.

Maji: lita moja kwa kila mtu Kakombe, lita mbili kileleni, moja na nusu kwa mtoto. Vaeni raba zenye meno, si ndala, na soksi ndefu ambazo suruali itaingizwa ndani, maana siafu wapo. Kateni kucha za miguu siku moja kabla. Chakula kiwe kikavu kisichonukia, kama mihogo ya kuchemsha, karanga na mayai, kwenye chombo chenye mfuniko. Kileni ndani ya jengo, si ufukweni. Nyani wa Kasekela wamezoea watu na humnyang'anya mtoto ndizi mkononi; mtoto akiing'ang'ania, anang'atwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, basi chukueni ya kitambaa.

Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani. Magonjwa ya kifua ya binadamu yanawaambukiza sokwe na huwaua. Mkikutana nao njiani, kaeni umbali wa mita 10 au zaidi, na kama wanawasogelea, rudini nyuma taratibu.

Mkitaka njia zote mbili, anzeni kileleni asubuhi, maporomoko yafuate wakati wa joto. Na kama familia itagawanyika, mmoja juu na wengine kwenye maji, semeni hivyo mapema getini: hakuna kutembea bila mwongozaji, na kila kundi linahitaji wake.