Besi ya kwanza: kagua shingo kabla ya rangi
Gitaa la besi la kuanzia liwe la nyuzi nne. Urefu wa kawaida wa uzi ni inchi 34. Mwenye vidole vifupi atafurahia inchi 30. Nyuzi zikiwa zimetyuniwa, bonyeza ule mnene kwenye freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha chungulia freti ya 7: uwazi kati yake na uzi usizidi sana unene wa kadi ya vocha. Ukizidi, shingo imejikunja. Mara nyingi hurekebishika kwa kukaza chuma kilicho ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja, tafadhali usilazimishe.

Amplifaya iwe ya besi. Wati 20 hadi 40 zinatosha chumbani. Ukichomeka besi kwenye ile ya gitaa la solo na kuipandisha sauti, spika yake inaweza kuchanika.