Pima Maji Yanavyokimbia Shambani Kabla Mvua Haijaanza

Mvua kubwa ya kwanza ikipiga, Mto Lukuledi hushuka mwekundu mpaka ghuba ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Wekundu ule ni mashamba yetu. Anayelaumiwa ni mkulima wa ufuta aliyechoma pori, na si kwa kumwonea. Ila nikitembea na wakulima bondeni naona kosa jingine lisilosemwa: mikorosho iliyofagiwa. Kwa mbali ni msitu, lakini chini ni pagumu kama uwanja wa nyumba. Usiniamini hivihivi, pima.

Hatua ya 1. Chagua sehemu tatu zenye mteremko na udongo unaofanana: porini, chini ya mkorosho uliofagiwa, na kwenye shamba la ufuta. Pima zote siku moja.

Hatua ya 2. Chukua kopo la rangi la lita 4, kata kitako chake. Weka ubao juu, ligongee ardhini kina cha vidole vitatu. Majani makavu yaache palepale. Mimina lita 1 ya maji yakipitia kiganjani yasichimbe, na uangalie kwa saa ya simu yanazama kwa dakika ngapi. Rudia mara tatu, uandike ya tatu. Ardhi kavu ina kiu, mara ya kwanza hunywa upesi popote. Panapochukua dakika nyingi zaidi ndipo ardhi inapokataa maji.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Ekari ina mita za mraba 4,000 na kitu, hivyo mvua ya milimita 30 ni zaidi ya lita 120,000. Ardhi ikikataa nusu, lita 60,000 zinatafuta njia ya kuteremkia, na hapo ndipo makorongo yanapoanzia. Udongo nao una uzito: tabaka la milimita 1 tu kwenye ekari ni zaidi ya tani 5.

Kwa nini kivuli cha mkorosho hakitoshi? Matone hukusanyika kwenye majani, yakawa makubwa, yakadondoka upya. Kinachoyavunja nguvu ni majani yaliyolala chini, na hayo ndiyo tunayoyafagia na kuyachoma ili tuzione korosho zikidondoka. Tukimaliza kuokota, mvua inakuta ardhi tupu.

Hatua ya 4. Fagia chini ya kivuli tu, usichome. Lundika majani na nyasi ulizofyeka kwa mistari inayokata mteremko, katikati ya safu za miti. Mstari uupate kwa fremu A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, mmoja wa kukingama, na uzi wenye jiwe. Uzi ukigusa alama ya katikati ya mti wa kukingama, miguu yote iko usawa mmoja. Ukimaliza kuokota, rudisha majani chini ya miti. Kwenye ufuta, matuta yafuate mistari hiyohiyo. Kando ya mto, acha mita 60 bila kulima. Ndivyo sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka.

Hatua ya 5. Kabla ya mvua, pigilia vigingi vitano katika kila sehemu, kila kimoja kibaki sentimita 10 juu ya ardhi. Mwezi Mei rudi na rula. Kilichofika sentimita 12 kimekuonyesha milimita 20 za udongo zilizoondoka pale.