Kurudisha tanga kwenye meli kuukuu ya mizigo: anza ngamani

Chagua chombo kabla ya kuchagua tanga. Kinachofaa ni meli ya mita 30 hadi 45 ambayo tumbo lake linachongoka kuelekea mkukuni, yaani kwenye uti wa mgongo wa chini wa meli. Meli yenye tumbo bapa huteleza kando upepo ukiipiga ubavuni, na hata uijaze matanga kiasi gani, haitabisha, yaani haitaweza kupanda kuelekea upepo unakotoka. Mifano mizuri ipo. Avontuur, ya Uholanzi ya mwaka 1920, ilikarabatiwa Ujerumani kati ya 2014 na 2016 ili irudi kubeba mizigo kwa tanga. Tres Hombres ni ya mbao, iliundwa 1943 kwa ajili ya vita. Tangu 2009 inavuka Atlantiki bila injini ya kuisukuma, ikiwa na shehena ya kama tani 40 pamoja na wanagenzi.

Meli ya chuma ipandishe kwenye chelezo, kisha bomoa saruji yote iliyomwagwa ngamani, yaani ndani kabisa chini ya meli, panapokaa shehena. Kutu hula chini yake miaka na miaka bila mtu kuiona. Pima unene wa mabamba kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, na uzidishe vipimo kwenye mstari wa maji, chini ya injini na mahali pa mnyororo wa nanga. Bamba la milimita 8 lililobaki 6 likatwe, liwekwe jipya. Usikubali kuchomelea bamba juu ya bamba: maji hupenya katikati na kutu huendelea kimyakimya.

Kisha pima uthabiti. Hatua hii ndiyo inayookoa roho za watu, wala isirukwe kwa sababu ya haraka au fedha. Chagua siku isiyo na upepo, legeza kamba zote za gatini, na hakikisha kila tangi limejaa kabisa au ni tupu kabisa, maana maji yanayocheza ndani hupotosha hesabu. Ning'iniza timazi la mita 3 ndani ya ngama, uzito wake ukizama kwenye ndoo ya mafuta ili lisiyumbe. Sogeza uzito unaoujua kutoka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili, kisha soma timazi limehama kiasi gani.

Tuseme meli ina tani 300, umesogeza tani 1 kwa mita 6, na timazi limehama milimita 90. Gawanya 90 kwa 3,000, upate 0.03. Zidisha 1 kwa 6, kisha gawanya kwa 300 mara 0.03: jibu ni mita 0.67. Hicho ndicho kimo ambacho wakaguzi hukiandika GM: kikiwa kikubwa, meli iliyolala hurudi wima kwa nguvu zaidi.

Sasa kilinganishe na tanga. Upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, husukuma kiasi cha kilo 8 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo matanga ya mita za mraba 300 hubeba tani 2.4. Kitovu cha matanga kikiwa mita 11 juu ya kitovu cha ubavu uliozama, meli hiyo italala karibu digrii 8, nazo zinavumilika. Upepo ukifika noti 40, nguvu huwa mara 4. Matanga yawe yamekwisha kupunguzwa.

Farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, iwe ya vipande vya chuma, vilivyofungwa visihame hata meli ikilala kabisa, na vinavyotoka ili mabamba yakaguliwe. Usizidishe: meli nzito mno chini hurudi wima kwa kishindo, na kishindo hicho hukata nyaya za milingoti.

Mguu wa mlingoti ukae mkukuni, uzito wake ugawanywe kwenye mataruma, yaani mbavu za meli, matatu au zaidi. Ukiusimamisha juu ya sitaha tupu, sitaha itabonyea. Vishikio vya nyaya vichomelewe kwenye mataruma yenyewe. Vikichomelewa kwenye ukuta wa sitaha vitang'oka nao.

Ukibakiza injini, weka rafadha (pangaboi la kusukuma meli) yenye mapanga yanayogeuka kufuata maji, kwani ya kawaida huburura mwendo. Kahawa na kakao hunyonya harufu, basi tenga ngama na chumba cha injini kwa ukuta usiopitisha hewa. Vitanda vya wanagenzi vipangwe baada ya kuzungumza na mamlaka ya bandari: kwa safari za kimataifa, meli yenye abiria zaidi ya 12 huhesabiwa meli ya abiria, na masharti hubadilika kabisa. Uliza mapema kama mwanagenzi ni baharia au abiria.

Majaribio ya kwanza yafanywe chini ya noti 15, kwa nusu ya matanga. Nyaya mpya hurefuka. Baada ya siku mbili utakuta za upande wa demani, usiopigwa na upepo, zinaning'inia. Zikaze ukiwa umetia nanga, pande zote kwa zamu, kisha zikaguliwe tena kila siku mpaka zitulie.